Habari za Maji

Mhadhiri wetu wa sera ya mazingira alikuwa na neno alilolipenda kuliko chakula: wadau. Mkulima ni mdau, mfugaji ni mdau, mwekezaji ni mdau, serikali ni mdau, na siku akiamka vizuri aliongeza kwamba hata chura wa mtoni ni mdau, darasa zima likacheka. Nilicheka pia. Zilikuwa enzi za ruksa, milango ya biashara imefunguliwa. Maneno mapya yalikuwa yanaingia nchini pamoja na mitumba, na sisi tuliyapokea yote bila kuuliza yaliwahi kuvaliwa na nani.

Nilikuwa nimechagua kusoma mazingira kwa upande wa sayansi ya jamii, na nyumbani hakuna aliyeelewa. Mjomba mmoja alidhani nasomea kufagia, kwa sababu neno mazingira yeye alilijua kutoka shule ya msingi, siku za usafi. Mwingine aliniuliza ni sayansi gani hiyo isiyo na maabara. Wenzangu niliomaliza nao sekondari walikuwa wanakimbilia biashara na sheria, maana kila mtu alikuwa ameambiwa kwamba sasa ni soko huria na aliyelala ataliwa. Mimi nilikuwa na sababu yangu, na sikumwambia mtu kwa sababu ingesikika ya kishamba. Nilitaka kujua kwa nini maji ya mfereji wetu yanapungua, na ni nani anayeamua.

Kwetu ni Kikwe, chini ya Mlima Meru, upande ambako ardhi inaanza kuwa ya vumbi. Babu alikuwa na kihamba, shamba la ukoo, juu mlimani, penye migomba na kahawa, lakini kihamba kiligawanywa kwa wanawe mpaka kikaisha, na baba yangu akaambiwa ateremke akatafute pa kwake. Yeye na ndugu zake wengine wakapata vipande huku chini. Kikwe mvua si ya kutegemea. Unalima kwa mfereji au hulimi. Mfereji wetu unatoka mtoni kwenye banio, kizuizi cha mawe na magogo kinachogeuza maji, unapita mashambani, na kila kaya ina zamu yake ya kufungulia maji yaingie kwake. Zamu hainunuliwi. Unaipata kwa kuwa mtu wa ukoo uliochimba, na unaitunza kwa kwenda msaragambo, siku ambayo watu wote wanatoka na majembe na makoleo kuzibua mfereji.

Baba alipofariki, zamu ilikuwa kwa jina lake. Mama hakuwa wa ukoo ule, na wanawake hawakuhesabiwa kwenye mambo ya mfereji. Alichofanya ni kwenda msaragambo mwenyewe. Alishika jembe la baba, akaingia kwenye tope katikati ya wanaume bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hakuna aliyemfukuza. Mwenyekiti wa mfereji, mzee mkali mwenye sauti ya kukwaruza, alimtazama siku nzima, na jioni akamwambia, "Zamu yenu iko palepale." Tangu hapo mama akalima nyanya na vitunguu, wachuuzi wa mjini na wa kutoka Kenya wakaja kuzichukua shambani na matenga yao, na nyanya hizo ndizo zilizonifikisha chuo kikuu. Hakuwa na kitu kingine. Ndugu za baba walishaanza kusema chini chini kwamba kama mjane hawezi kulima pale, basi kipande kirudi kwa wenyewe. Kwa hiyo ieleweke mapema: mfereji ukifa, mama yangu hana shamba, na asipokuwa na shamba hana kwake.

Juu yetu kulikuwa na shamba kubwa ambalo liliwahi kuwa la mlowezi, halafu likawa la serikali, halafu likawa la nyasi. Ubinafsishaji ulipofika likapata mwenyewe. Tuliona matrekta, kisha nguzo, kisha mabanda ya nailoni nyeupe yaliyojipanga mpaka macho yanaishia, tukaambiwa ndani yake kuna mawaridi yanayopandishwa ndege kwenda Ulaya. Watu walitania kwamba kumbe wazungu siku hizi wanakula maua. Utani uliisha tuliposikia kwamba shamba hilo linaomba kujenga banio lake juu ya banio letu, banio la zege lenye mabomba. Ofisi iliyotoa vibali vya maji ilisema haiwezi kuruhusu mpaka wadau wa chini wasikilizwe. Kazi ya kuwasikiliza akapewa mtaalamu huru, na mtaalamu huru akawa mhadhiri wetu.

Alitutangazia darasani kwamba tutakwenda naye tukajifunze mbinu shirikishi kwa vitendo. Kisha akataja Kikwe. Baada ya kipindi nilimfuata nikamwambia huko ni nyumbani, na mama yangu ni mmoja wa watu wa mfereji ule. Alifurahi. "Basi utatusaidia kufungua milango," akasema.

Nilikuwa nimepanga chumba Engutoto, mjini. Jumamosi ile sikufua wala sikupika, nilikwenda Kikwe moja kwa moja kumwambia mama. Alikuwa anafunga nyanya kwenye miti. Nikamwambia, "Mama, mara hii wanauliza kwanza. Wanakuja kuwasikiliza ninyi wenyewe, na anayekuja ni mwalimu wangu." Mama akasimama, akajinyoosha mgongo, akauliza huyo mwalimu anapenda kula nini.

Nilimwamini yule mtu. Alikuwa mwalimu mzuri, tena bora kuliko wote niliowahi kupata. Alitufundisha kwamba msitu au mto hauharibiki kwa sababu watu ni wajinga, unaharibika kwa sababu wapo wanaosikika na wapo wasiosikika. Nililiandika hilo na kulipigia mstari. Nilikuwa nimekaa darasani muda mrefu nikingoja mtu aseme jambo linalofanana na maisha ya kwetu, na yeye ndiye aliyelisema.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Watu walikuja wengi, wanaume mbele, wanawake nyuma karibu na mlango, na mama yangu akiwa na kitenge chake cha kwaya. Mchungaji alifungua kwa sala. Mhadhiri alibandika mabango ya karatasi ukutani, akakunja mikono ya shati, akatabasamu, na kuanza kusalimia.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri!"

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri!"

"Habari za watoto?"

"Nzuri!"

"Habari za mifugo?"

"Nzuri!"

Ukumbi ulikuwa umechangamka. Watu waliona kwamba hapa wamepata mgeni mwenye adabu, asiyekurupuka. Akauliza habari za mashamba, nzuri. Akauliza habari za mvua, nzuri, ingawa mvua yenyewe hatukuwa tumeiona. Kisha, kwa sauti ileile, bila kupumzika, akauliza:

"Na habari za maji?"

"Nzuriii!" Ukumbi mzima. Sauti ya mama niliitambua, kwa sababu anaimba sauti ya kwanza.

Mhadhiri akageuka, akafungua kalamu ya wino mzito, akaandika juu kabisa ya bango: Hali ya maji, nzuri.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa pwani anaweza asilione. Kwetu Kiswahili si lugha ya jikoni. Tunagombana kwa Kimeru, tunatukanana kwa Kimeru, tukifiwa tunalia kwa Kimeru. Kiswahili ni cha shule, cha kanisani na cha wageni. Ni nguo ya Jumapili, na mtu hafanyi ugomvi akiwa ameivaa. Tena hata yule aliyezaliwa nacho hawezi kuulizwa habari akaanza na ubaya. Mtu nyumba yake imeungua jana, ukimwuliza habari atakuambia nzuri, ila tumeunguliwa. Nzuri ni kufungua mlango tu. Habari yenyewe inakuja na ila.

Nilingoja ila. Kila mtu pale ukumbini alikuwa anaingoja. Mwenyekiti wa mfereji akasimama taratibu, akavua kofia, akasema, "Ila, mheshimiwa..."

Mhadhiri akainua mkono kwa upole. "Tutakuja kwenye ila, mzee wangu. Leo tunakwenda kwa utaratibu." Akabandika bango jingine pembeni, akaandika juu yake: Hoja za Baadaye. Mzee akakaa. Alikuwa ameridhika, maana ila yake ilikuwa imepewa karatasi yake peke yake.

Utaratibu ukaendelea. Tuligawanywa makundi. Wanaume walichora mto kwenye vumbi nje ya ukumbi, wanawake walipanga maharage kuonyesha kazi za kutwa, vijana walipewa kamba ya buluu wawe mfereji. Ilikuwa kazi ya kupendeza, na wenzangu wa darasani walipiga picha nyingi. Kila nilipopita karibu na mhadhiri nilimnong'oneza, "Mwalimu, ile hoja ya maji." Alinigusa bega, akasema inakuja. Kisha gari la shamba la maua likafika na pilau na kreti za soda, na pilau ikishaingia ukumbini hakuna utaratibu unaoendelea. Watu walikula, wakashukuru, mchungaji akafunga kwa sala. Bango la Hoja za Baadaye lilikunjwa likiwa jeupe.

Nikiwa natembea na mama kurudi nyumbani nilishindwa kujizuia. Nikamwuliza kwa nini amejibu nzuri, tena kwa sauti kubwa vile.

Mama alinishangaa kabisa. "Ulitaka nimjibu mgeni nini? Mbaya? Hata hajaketi? Watu wangesema huyu mama hakufundwa." Kisha akaongeza kwamba mwalimu wetu ni mtu mwema sana, ametusalimia mpaka mifugo.

Sikulala vizuri kwa siku nyingi baada ya hapo. Nilijaribu kujiambia kwamba mtu msomi, Mtanzania, aliyekulia kijijini kama sisi, hawezi kuchukua salamu akaifanya ushahidi. Ripoti ilipotoka aliiweka mezani kwake, na kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi anayeaminiwa, aliniruhusu niisome. Ilikuwa kwa Kiingereza safi. Ilisema kwamba jamii ya bonde la chini, kwa maoni yao wenyewe yaliyotolewa kwa uhuru katika mkutano wa wadau, inaridhika na hali ya maji.

Niliiweka chini. Nilikuwa na hasira, na sioni aibu kusema hivyo. "Mwalimu," nikasema, "ile ilikuwa salamu."

"Walisema wenyewe. Ulikuwepo."

"Waliitikia salamu. Wewe ukiulizwa habari unajibuje?"

Alivua miwani akaifuta na pindo la shati. Ningefurahi kama angenifokea. "Tumeambiwa tuandike sauti ya wananchi," akasema polepole. "Wananchi wakisema nzuri, mimi ni nani niandike kwamba walimaanisha mbaya? Hapo nitakuwa narudi kulekule kwa wataalamu wanaojua kuliko watu. Huko ripoti inakokwenda wataniuliza ushahidi uko wapi."

"Ushahidi ni mfereji. Twende ukauone."

"Muda wa kazi umekwisha." Akavaa miwani. "Wewe hilo liandike kwenye tasnifu yako. Huko una uhuru wote."

Nilitoka nikakaa chini ya ngazi za jengo lile nikalia. Nililia kwa sababu alikuwa sahihi kwa lugha yake, na lugha hiyo ndiyo niliyokuwa nimejifunza kwake. Kila nilichotaka kumjibu nilikuwa nimekipata kwenye vipindi vyake, na alikuwa amekigeuza upande wa pili. Baadaye watu waliniambia kwamba wahadhiri wote wa wakati ule walikuwa wanaishi kwa kazi za namna hiyo na yeye alikuwa anajenga. Inawezekana. Nyumba yake sijawahi kuiona.

Nilimchukua mama na mwenyekiti wa mfereji, tukaenda mjini kwenye ofisi ya vibali. Tulikaa kwenye benchi mpaka mchana. Ofisa aliyetupokea hakuwa mkorofi. Alifungua jalada, akatusomea kwa Kiswahili kile kilichoandikwa kwa Kiingereza, na alipofika pale pa kuridhika alinyanyua macho. "Mliulizwa," akasema. "Kama mmebadili mawazo, itisheni mkutano mwingine wa wadau wote, mwekezaji awepo, mseme sasa hali ya maji ni mbaya. Mniletee muhtasari."

Tukatoka nje. Hapo mwenyekiti alinigeukia, na akanisemesha kwa Kimeru, ndipo nikajua amekasirika kweli. Alisema yeye hataitisha mkutano wa kukana maneno yake. Juzi waseme nzuri mbele ya mchungaji, leo waseme mbaya mbele ya mwekezaji, wataitwa wahuni. Alisema tangu awe mwenyekiti hajawahi kusema uongo kwenye mambo ya mfereji. Nikamwambia hakusema uongo, alisalimia tu. Akajibu, "Basi mwambie huyo mwenye jalada." Alivaa kofia yake akatangulia stendi. Mama alibaki amesimama kwenye kivuli cha ukuta, ameshika mkoba kwa mikono miwili, ananitazama nitasema nini.

Likizo ile nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba watu wakubali mkutano wa pili. Walinikaribisha, walinipa uji, walinisikiliza, na wote waliniambia nitangulie, wao watafuata. Mmoja wa baba zangu wadogo ndiye aliyekuwa mkweli. Alisema, "Wewe ndiye uliyemleta yule mwalimu. Sasa unataka tumwaibishe?" Alisema hivyo bila chuki, huku anachonga mpini wa jembe, na nikajua kwamba wengi waliofunga midomo walikuwa wanafikiri hivyohivyo. Nikajua pia kwamba yeye hana haraka. Kipande cha mama kilipakana na chake.

Banio la zege likajengwa. Sikwenda kuliangalia.

Kiangazi kilichofuata maji yalianza kuja machafu, kisha yakaja machache, kisha yakawa yanakuja siku za Jumapili tu, ambapo shamba la maua lilipunguza kazi. Zamu zikavurugika. Watu ambao baba zao walichimba mfereji ule kwa pamoja walianza kutishiana mapanga. Mwenyekiti alipiga kelele mpaka sauti ikakatika kabisa, na siku hizi akiongea ni pumzi tu inayotoka. Msaragambo ukafa kwa kuwa hakuna anayezibua mfereji usio na maji.

Asubuhi moja nilikuwa nyumbani siku ya zamu ya mama. Tulikwenda wote wawili kabla jua halijapanda, yeye na jembe, mimi na ndoo. Alifungua kwa jembe, kwa uangalifu, tope lililoziba mlango wa maji wa shamba letu, akasimama pembeni kuyapisha maji. Yalikuja membamba, yakalowesha udongo wa mstari wa kwanza, yakasimama. Tulingoja. Mama alisogea mpaka kwenye mfereji mkuu, akainama, akaangalia juu kule yanakotoka, kisha akarudi. Nyanya zilikuwa zimetoa maua, na nyanya ikikosa maji wakati huo maua yote yanaanguka. Alianza kuchota matope kwa viganja na kuyaweka kwenye shina la kila mche. Nilimwambia aache. Hakuacha. Nikapiga magoti nikafanya naye, tukachota matope mpaka kucha zikauma, na sote tulijua kwamba hatuokoi kitu.

Nilirudi Engutoto nikaandika tasnifu. Niliandika juu ya mfereji ule, banio lile, mkutano ule. Niliandika sura nzima juu ya salamu. Nilieleza nzuri, nilieleza ila, nilieleza Kimeru na Kiswahili, kwa tanbihi na marejeo, nikiwa na hasira ya kuvunja meza. Hiyo ndiyo njia pekee niliyobakiwa nayo, na niliifanya kama mtu anayepiga mlango ambao anajua ndani hakuna mtu. Mhadhiri alinipa alama za juu kuliko darasa zima. Pembeni ya sura ile aliandika kwa mkono wake: Kazi nzuri. Nakala moja iko maktaba. Sijui kama kuna aliyewahi kuifungua.

Nilikata tamaa wakati huo, na niliikata kabisa. Watu husema walikata tamaa halafu wanakuonyesha jinsi walivyosimama tena. Mimi niliamka asubuhi, nikapiga mswaki, nikaenda kusikiliza vipindi vya mwisho juu ya maendeleo endelevu, na ndani yangu hakukuwa na kitu. Nilimwogopa mama. Niliogopa kwenda nyumbani nikamkuta ameketi mlangoni mchana, saa ambayo maisha yake yote alikuwa shambani.

Nilipokwenda, hakuwa ameketi. Alikuwa amevaa kitenge cha kwaya siku ya kazi, na kiatu cha kufunga. Baba mdogo alikuwa amemjia wiki hiyo, kwa heshima zote, kumwuliza kama anaonaje kuhusu kipande, maana kinalala bure. Mama alimjibu kwamba hakilali, yeye anatafuta kibarua ili apate kukilima kwa maji ya kununua. Sasa akaniambia, "Mwanangu, twende wote kule kwenye maua. Wewe unajua kuongea na watu wa ofisi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kisha nilianza kusema yote, kwamba hao ndio waliotukausha, kwamba yale maua yanakunywa zamu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Najua yanakunywa nini," akasema. "Twende kabla hawajafunga geti."

Getini kulikuwa na foleni ya wanawake, wengine niliwajua tangu utoto. Ofisa utumishi alikuwa kijana wa rika langu, shati jeupe, redio ya mkononi kiunoni. Alipita akikagua mikono ya kila mmoja, juu na chini, akisema huyu aingie, huyu hapana. Alipofika kwa mama hakuigusa hata mikono yake. "Mama wewe nenda kapumzike. Hapa ni kazi ya mbio." Akaendelea na foleni.

Mama aliniangalia.

Nikatoka kwenye mstari nikamfuata. Nilitumia Kiswahili changu chote cha chuo, kile kizuri, chenye naomba na tafadhali na endapo itawezekana. Nilimwambia ninakosoma. Aliuliza nasomea nini. Nikasema sayansi ya jamii, sera ya mazingira. Alinitazama upya, akatabasamu, akasema hata wao ofisini wanatafuta mtu wa namna hiyo, wa kuzungumza na wanavijiji, nikimaliza niende kumwona. Nikasema ahsante. Nikasema lakini kwa leo nilikuwa naomba kwa ajili ya mama yangu, ni mchapakazi, hajawahi kuumwa. Nilikuwa naomba kwa mikono miwili, na nilijiona naomba.

Ndipo mama naye akasogea. Alikuja akasimama mbele ya kijana yule ambaye yeye mama angeweza kumzaa, akakunja magoti kidogo, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu kijana, huku akiandika kitu kwenye kiganja chake. Hakushtuka. "Haya mama. Kwa heshima ya huyu binti yako msomi. Jumatatu njoo na buti."

Tulirudi kwa njia ya pembeni ya mfereji, kwa sababu ulikuwa umekauka na watu wameufanya njia ya miguu. Mama alikuwa anatembea haraka, mwepesi, anacheka peke yake, na kila baada ya hatua chache ananishika mkono na kuuachia. Nilimjua vizuri mno kuweza kujidanganya kwamba anajikaza. Alikuwa na furaha.

"Umeona jinsi alivyobadilika ulipofungua mdomo?" akasema. "Wengine aliowakataa hajamrudisha hata mmoja. Leo ndiyo nimeona shule imekufaa, mwanangu. Mungu akubariki."

Alinishukuru hivyo mpaka tukafika nyumbani, na alipoingia ndani alianza kutafuta buti za baba.